Mpwa wangu, beki, na barua kutoka Uhispania

Beki hapigiwi makofi. Nani amewahi kurudi nyumbani kutoka uwanjani akaanza kusimulia jinsi beki alivyosimama mahali panapofaa hata mshambulizi akakosa pa kupita? Sisi husimulia mabao. Mtoto anayecheza mpira wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani hujiita Oliech au Olunga. Hajiiti Musa Otieno, ingawa Musa Otieno ndiye aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars ilipokwenda Tunisia kushiriki Kombe la Afrika mwaka 2004. Katika viwanja vya kijijini kwetu Kitui, beki alikuwa yule aliyechaguliwa mwisho, na aghalabu alichaguliwa kwa sababu ya unene wa miguu yake.

Labda ndiyo maana safari ya Joseph Okumu haisimuliwi sana majumbani mwetu. Hebu ifuate kidogo, msomaji, maana ni ndefu.

Okumu alizaliwa Kisumu mwaka 1997. Alichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, katika Ligi Kuu ya Kenya. Mwaka 2016 alikwenda Afrika Kusini kuchezea Free State Stars, klabu ya mji mdogo uitwao Bethlehem, na huko hakupata nafasi nyingi za kucheza. Kijana mwingine angerudi nyumbani akawa msimulizi wa mambo ya ng'ambo. Yeye mwaka 2018 alivuka bahari hadi Ann Arbor, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan, Marekani, akachezea AFC Ann Arbor, timu ya ligi ya chini ambayo msimu wake ni wa miezi michache tu ya kiangazi. Kutoka hapo akachukuliwa na Real Monarchs ya jimbo la Utah. Agosti 2019 akawa Sweden katika klabu ya Elfsborg, mjini Borås. Mwaka 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji, na mwaka uliofuata klabu hiyo ikatwaa Kombe la Ubelgiji. Mwaka 2023 akavuka mpaka na kujiunga na Reims ya Ufaransa. Klabu saba, nchi sita, mabara matatu, na yote hayo kabla hajatimiza miaka 27.

Safari hii naijua kituo kwa kituo, kama utingo anavyovijua vituo vya kwenda Wote, na wala mimi si mwandishi wa michezo. Nililazimika kuisoma kwa sababu ya maksai wawili.

Dada yangu ameolewa Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni. Sisi ni watu wa Kitui, upande wa Kabati. Ukitazama ramani utadhani dada aliolewa kwa jirani, kwani kinachotenganisha kaunti hizi mbili ni Mto Athi tu. Lakini mwenye kutoka Kabati akiwa na mzigo na watoto hupanda matatu hadi Machakos kwanza, kisha akateremka upya kuelekea Wote. Siku hizi iko barabara ya lami kutoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo, nayo imewafaa sana watu wa kusini. Sisi wa Kabati bado twazunguka.

Mwanawe wa kwanza alipelekwa shule ya bweni huko kwetu Kitui ili awe karibu na nyanya yake, yaani mama yangu. Aliingia Kidato cha Kwanza akiwa mtoto wa kawaida. Alipofika Kidato cha Pili alikuwa akiinama kuingia jikoni kwa nyanya. Mwalimu wa michezo alimwona akipanga foleni ya chakula, akamwambia aje uwanjani jioni, na tangu siku hiyo akawa beki wa kati, jezi nambari tano.

Nilimtazama akicheza mara moja, muhula wa pili mwaka 2024, katika michezo ya shule. Wasiokijua kiwanja cha Kitui wakati wa kiangazi wafahamu kwamba nyasi ni neno la kitabuni. Ardhi ni nyekundu, ngumu kama sakafu, na kokoto zake zina makali. Beki akiteleza kumnyang'anya mtu mpira huacha ngozi ya paja pale chini. Kwa hiyo beki wa Ukambani hujifunza mapema kutoteleza. Husimama. Husubiri. Humlazimisha mshambulizi aamue kwanza. Mpwa wangu alisimama hivyo dakika zote, mikono nyuma, akisemasema na wenzake bila kukoma: wewe toka, wewe rudi, wewe mtazame nambari saba. Nyumbani kijana huyu hujibu kwa neno moja moja. Pale uwanjani alikuwa kama karani wa kivuko. Timu yake ilishinda bao moja kwa nunge, na aliyebebwa juu kwa mabega ni mfungaji.

Aprili 2025, wakati wa likizo, dada alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi lakini anaogopa kufurahi. Kijana ameitwa Uhispania. Kuna barua. Baba yake anataka niende Kathonzweni Jumamosi, kwa sababu kwetu mjomba ana neno lake katika mambo ya mpwa, na pia, nadhani, kwa sababu mjomba anafanya kazi gazetini Nairobi na huenda akajua mambo ya balozi na viza.

Nilifika saa tano. Chai ilikuwa tayari, na kuku alikuwa amekwisha kupoteza maisha. Barua yenyewe ilikuwa ndani ya simu ya kijana. Ilikuwa na nembo ya klabu moja ya ngazi ya chini huko Uhispania, imetiwa rangi vizuri, na chini yake sahihi mbili. Ilisema kwamba mpwa wangu, ambaye jina lake lilikuwa limekosewa herufi mbili, amekubaliwa kufanya majaribio ya wiki mbili. Gharama za kushughulikia viza, bima na malazi ni shilingi 180,000. Pesa zilipaswa kutumwa kwa M-Pesa, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi aliyejiita wakala, kabla ya Ijumaa. Baada ya Ijumaa nafasi ingepewa kijana mwingine.

Shemeji alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Maksai wawili, wale anaolimia, mnunuzi wa Emali amesema atawachukua. Dada angekopa shilingi 60,000 kwenye chama. Kilichopungua, wangemwomba mjomba. Alinieleza haya yote bila haya, na sikuona kwa nini aone haya. Mtu akiwa na mtoto mwenye kipaji na dunia nzima ikimwonyesha wachezaji wanaolipwa kwa wiki moja pesa asizoweza kuzipata yeye katika maisha yake yote ya kupanda pojo na kuuza maembe, maksai ni kitu gani? Ila nilijua, na yeye alijua, kwamba mvua ya Machi haitegemewi sana kwetu. Mvua yenye chakula ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na Oktoba isiyo na maksai ni mwaka mzima wa kununua unga.

Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe: shemeji, dada, mimi, kijana mwenyewe, baba yake mdogo, na Susu, mama yake shemeji, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akichambua pojo katika ungo kana kwamba hasikii. Ndipo akauliza kwa Kikamba, bila kuinua uso: huyo mtu anayemtaka mjukuu wangu, amewahi kumwona akicheza?

Tulinyamaza. Kijana alisema alituma video. Ya nani, nikamwuliza. Ya dakika mbili, iliyopigwa na rafiki yake kwa simu. Nikaiomba nikaitazama. Katika dakika zile mbili mpwa wangu anaupiga mpira kwa kichwa mara tatu, na mara moja anaupiga mbali hadi nje ya uwanja. Basi.

Hapa ndipo nilipoona tofauti ambayo sikuwahi kuifikiria. Ukambani tumetoa wanamichezo waliozunguka dunia. Benson Masya alikuwa mtu wa Kitui, na mwaka 1992 alishinda mbio za kwanza za ubingwa wa dunia za nusu marathoni kule Uingereza. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Lakini mkimbiaji ana saa. Saa humtetea hata kama hakuna aliyemwona. Akikimbia kilomita kumi kwa dakika fulani, dakika hizo ni zile zile Kitui na London. Mshambulizi naye ana mabao, yanaweza kuhesabiwa. Beki hana cha kuhesabiwa. Kazi yake njema ni jambo ambalo halikutokea. Ili umjue beki lazima umtazame dakika tisini, na si siku moja, bali wiki kumi, na umtazame hasa wakati mpira uko mbali naye. Hakuna awezaye kumchagua beki kwa video ya dakika mbili. Anayesema amemchagua hivyo hakumchagua beki; amechagua maksai.

Sikuyasema hayo kwa maneno hayo. Mbele ya kijana wa miaka 17 maneno makali huwa kama kumwagia maji jiko analojaribu kuliwasha. Nilichofanya ni kumwuliza kama anamjua Okumu.

Anamjua! Alinitajia vituo vyote, kutoka Chemelil hadi Reims, na akanisahihisha nilipouruka mji wa Bethlehem. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu. "Mjomba, lakini Okumu alikwenda. Asingekwenda, angekuwa Chemelil hadi leo. Mimi nikikaa hapa nani atakuja kunitazama? Mawakala hawafiki Kathonzweni."

Ni kweli, hawafiki. Hili halina jibu jepesi, na wazazi wanaowajibu watoto wao kwa kusema tu "soma kwanza" hawajalijibu. Kijana wa Mathare au Kisumu ana timu za ligi kubwa karibu naye. Akicheza vizuri Jumapili, habari hufika. Kijana wa Kathonzweni akicheza vizuri, habari hufika Wote zikiwa zimechoka. Uwanja wa Ithookwe mjini Kitui ulitengenezwa ukapendeza kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za Oktoba 20, 2025, na mimi ni miongoni mwa walioshangilia. Lakini uwanja mmoja wa kaunti haumfikii kijana anayekaa ng'ambo ya Athi, na kiti cha mgeni mashuhuri si kiti cha mtu anayetafuta beki.

Hata hivyo nilimwomba tuipitie upya safari ile ya Okumu, safari hii tukiuliza swali moja tu: katika kila kituo, nani alimwona kabla hajaondoka? Chemelil walimwona wao wenyewe, wiki baada ya wiki, katika Ligi Kuu. Huko Michigan alicheza katika ligi ambayo wewe na mimi hatungeweza kuitaja jina, lakini alicheza, na Real Monarchs wakamchukua. Gent ilipomtaka ilibidi izungumze na Elfsborg, alikokuwa amecheza misimu miwili mbele ya macho ya watu. Reims ilipomtaka ilibidi izungumze na Gent, na pesa zikatoka Ufaransa kwenda Ubelgiji. Kwa desturi ya kazi hii, klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayofungua mkoba. Tena kanuni za FIFA huagiza kwamba mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya pesa hizo igawiwe klabu zilizomlea kuanzia mwaka wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Yaani pesa za mpira zikishaanza kutembea, huteremka kuelekea kijijini. Zetu zilikuwa zinaombwa zipande.

Shemeji aliuliza: basi huyu wakala analipwa na nani? Swali zuri. Tangu mwaka 2023 FIFA imerejesha utaratibu wa leseni kwa mawakala. Mtu hufanya mtihani, akifaulu hupewa leseni, na jina lake huwekwa katika orodha ambayo yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuitazama. Ujira wake hutoka katika mkataba uliotiwa sahihi, ni sehemu ya mshahara wa mchezaji au ya pesa zinazotolewa na klabu. Kazi isipopatikana, hakuna cha kukata. Na viza yenyewe? Ada ya viza ya muda mfupi ya nchi za Ulaya za Schengen, Uhispania ikiwemo, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Hizo ni kama shilingi 13,000 hivi. Dada, ambaye ni mweka hazina wa chama chao na hesabu hazimpiti, alitoa 13,000 kutoka 180,000 kwa kichwa, akanitazama.

Lakini kilichoumaliza mjadala si pesa, ni umri. Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji hukataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine. Ziko hali chache zinazoruhusiwa, mathalan wazazi wake wawe wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, na hakuna hata moja iliyotufaa, isipokuwa shemeji awe tayari kuhamia Uhispania kulima huko. Alicheka kidogo. Kijana alikuwa bado na miezi saba kutimiza miaka 18. Klabu iliyosemekana kumtaka isingeweza kumsajili hata kama angekuwa beki bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa.

Kijana aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Mama yake akataka kumfuata, Susu akamwashiria akae.

Alipokuwa huko, shemeji aliniuliza kwa sauti ya chini jambo ambalo nadhani ndilo lililomsumbua tangu mwanzo. "Na goti likivunjika kule, atarudishwa na nani?" Nikamweleza habari ya Brian Mandela. Juni 2019 Harambee Stars walikuwa kambini Ufaransa wakijiandaa kwa Kombe la Afrika nchini Misri, la kwanza kwetu tangu lile la 2004. Mandela alikuwa nguzo ya ulinzi. Akaumia goti mazoezini, siku chache kabla ya kusafiri, na mashindano yakamwishia pale. Pengo hilo la katikati likahitaji mtu, na Okumu, aliyekuwa akicheza Utah ambako Wakenya wachache mno walimfuatilia, akasimama hapo. Kenya ikafungwa na Algeria 2-0, ikaishinda Tanzania 3-2 baada ya kutangulizwa mara mbili, ikafungwa na Senegal 3-0. Nchi hizo mbili zilizotufunga ndizo zilizofika fainali. Mwezi Agosti Okumu akawa Sweden. Mandela naye alitibiwa, akarudi uwanjani, na mwaka 2020 akajiunga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Aliweza kurudi kwa sababu alikuwa mchezaji wa kulipwa, mtu ambaye goti lake lina wenyewe wa kuliuguza. Aliyekwenda kwa barua ya simu goti lake ni la mama yake.

Nisije nikaeleweka kwamba kila beki lazima azunguke kama Okumu. Musa Otieno niliyemtaja mwanzoni alikaa Santos ya Cape Town kwa zaidi ya miaka kumi, akawa kama mwenyeji. David Owino, yule waliyemwita Calabar, alitoka Gor Mahia akaenda Zesco United ya Zambia, na mwaka 2016 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Eric Ouma aliondoka Gor Mahia akaenda Georgia, nchi ambayo wengi wetu tungeitafuta kwenye ramani kwa kidole, kisha akacheza ngazi ya chini Sweden kwa klabu ya Vasalund kabla ya AIK ya Stockholm kumsajili. Ninachokiona katika safari hizi zote ni jinsi vituo vya katikati vilivyo vidogo. Bethlehem. Ann Arbor. Vasalund. Hakuna mtoto anayevaa jezi za timu hizo Nairobi. Barua za matapeli huruka vituo hivi, na huenda ndiyo dalili yao kubwa kuliko hata nambari ya M-Pesa.

Kijana aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amenawa uso. Baba yake alimpa simu akamwambia: mpigie, mwulize mambo mawili. Nambari ya leseni yake, na jinsi klabu itakavyomsajili mtu wa miaka 17.

Aliweka sauti juu tukasikia sote. Wakala alikuwa Mkenya, mwenye Kiswahili kizuri cha upole. Aliposikia swali la leseni upole ukapungua. Alisema watu wa mashambani ndio huwanyima watoto wao bahati kwa maswali mengi. Aliposikia la umri akasema hilo linaweza "kupangwa", yaani cheti kingine cha kuzaliwa kingepatikana kwa shilingi 15,000 zaidi. Dada akasema, "Mwanangu nilimzaa mimi, siku naijua," akaikata simu mwenyewe. Jioni ile ulikuja ujumbe kwamba klabu imekubali kupunguza hadi 90,000. Jumatatu 40,000. Ijumaa, siku ya mwisho, mpwa wangu alipiga akakuta nambari haipatikani.

Ningependa kuandika kwamba shemeji alifurahi. Hakufurahi. Kwa miezi kadhaa kila tulipozungumza alikuwa akirudi pale pale: je, kama ilikuwa kweli? Je, kama tulimfungia mtoto mlango? Nimejifunza kutomjibu. Matapeli hawa hawaibi pesa peke yake. Hata usipowapa hata ndururu, huacha ndani ya nyumba tumaini lililoharibika ambalo mtu hawezi kulitupa wala kulitumia. Kijana ndiye aliyepona upesi kuliko babaye. Maksai walilima Oktoba ile, na shemeji alikuwa nyuma yao, akiwafokea kuliko kawaida, kwa maelezo ya dada.

Mtihani wa Kidato cha Nne aliufanya mwezi Novemba mwaka huo, na wiki hiyo hiyo ya mwisho wa mitihani akatimiza miaka 18. Mwalimu wake wa michezo, mtu ambaye hana leseni ya FIFA wala gari, alimpigia simu mwenzake aliyesoma naye chuoni, na huyo mwenzake anafundisha timu ya ligi ya chini upande wa Machakos. Walimwambia aje, wakamtazama akifanya mazoezi nao kwa wiki tatu, asubuhi na jioni, bila kumwahidi lolote. Alilala kwa binamu yake. Nauli alilipiwa na chama cha mama yake kwa mkopo wa shilingi 4,000. Wiki ya nne wakampa fomu ya usajili, akaijaza kwa jina lake lote, herufi zote zikiwa mahali pake.

Kutoka hapo hadi Ligi Kuu kuna ngazi kadhaa, na mshahara hakuna. Wanapewa marupurupu ya mechi, yakipatikana. Msimu wake wa kwanza ameanza kwenye benchi, kwani beki wa kati wa timu hiyo ni baba wa watoto watatu ambaye mpwa wangu anasema hakimbii kabisa lakini hajawahi kuona mtu akimpita. Humtazama kila mechi. Ananiambia kwamba yule mzee, ndivyo wanavyomwita ingawa ana miaka 34, umri ambao mimi nimeupita, huanza kutembea kuelekea mpira utakakoanguka kabla haujapigwa.

Jumapili iliyopita alinipigia saa mbili usiku. Yule mzee alikuwa na kadi mbili za manjano, kwa hiyo yeye alicheza dakika zote tisini kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza walimalizaje. Sare, akasema, bila kwa bila. Nikamwuliza uwanjani kulikuwa na watu wangapi. Akafikiri. Akasema labda arubaini, pamoja na wauza maji. Halafu akaniuliza kama duka lile la viatu la mtumba karibu na kazini kwangu bado lipo, maana cha kulia kimefunguka mbele, na yeye siku hizi anavaa nambari 45.